Oti za Kuoka: Tunayoambiana Hapa Moshi na Yaliyo Kweli

Mwezi wa saba, ubaridi ukishuka kutoka mlimani na jua likichelewa kutoka, uji wa asubuhi haunifikishi saa nne. Ndiyo sababu kila Jumapili naoka oti (oats). Tunakula na chai ya tangawizi, kinachobaki kinaingia friji, na Jumatatu nakipasha na kukibeba kazini kwenye hotpoti. Nikifungua tu, maneno ya wenzangu yanaanza.

"Bila oveni huwezi." Hili ndilo linalowazuia wengi. Aliyewahi kula mkate wa kumimina wa nyumbani anajua siri yake: moto chini, moto juu. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa, ipake siagi, mimina mchanganyiko usiozidi unene wa vidole viwili. Mkaa uwe umeshika sawasawa na kuanza kuvaa jivu. Chini weka mchache, mwingi uupange juu ya mfuniko. Mara ya kwanza nilifanya kinyume, nikala makaa chini na uji juu. Kwa kawaida dakika 35 hadi 45 zinatosha. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu, epua. Usikate papo hapo, maana hushikana ikipoa. Na jiko libaki nje, hata baridi iwe kali vipi: hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Vipimo vyangu: vikombe 2 vya oti, kikombe kimoja na nusu cha maziwa, yai moja, ndizi mbivu nne ndogo zilizopondwa, kijiko cha mafuta, mdalasini, chumvi kidogo na konzi ya karanga.

"Umesahau hamira." Sijasahau. Hamira huumua unga wa ngano kwa sababu ngano ina gluteni, ule utando unaovutika na kushika hewa. Oti hazina utando huo. Hapa kinachoshikanisha ni yai na ndizi, na kinachotoka si mkate.

"Si ni shayiri tu hiyo?" Hapana, ingawa wengi tunaziita hivyo. Ni nafaka mbili tofauti. Shayiri inalimwa huku kwetu, Kilimanjaro Magharibi, na nyingi yake huenda kutengeneza bia. Tofauti hii si ya maneno tu kwa mtu aliyekatazwa gluteni na daktari: shayiri inayo. Oti zenyewe hazina ile ya ngano, ila mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo huyo asome pakiti kwanza.

"Mimi natia asali, kwa hiyo ni ya afya." Asali ni sukari yenye harufu nzuri. Ukimimina nusu kikombe, umetia sukari isiyopungua nusu kikombe, hata kama nyuki wake ni wa msituni. Kwangu utamu unatoka kwenye ndizi kisukari zilizoanza kuwa na madoa meusi (aliyeipa ndizi jina hilo alikuwa na mzaha), nazo zinakuja na nyuzinyuzi zake. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyookwa. Inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi na moto wa jikoni hauvimalizi.

"Maziwa mabichi yatachemka humo humo." Jirani anakamua asubuhi, unayapokea yakiwa ya moto, kishawishi ni kikubwa. Lakini katikati ya mchanganyiko mzito hujui joto limefika wapi, na ugonjwa wa brusela, unaompata mtu kupitia maziwa mabichi, upo kwenye mifugo ya kaskazini. Yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uchanganye.

"Oti za kuiva haraka hazina kitu." Ni nafaka ileile, imekatwakatwa na kubanwa zaidi. Nyuzinyuzi zimo, ila oti zenyewe humeng'enywa upesi kidogo, na ukizioka zinageuka ugali. Mimi nanunua zile kubwa kwa sababu ya utafunaji.

"Zinaondoa kitambi." Gramu 100 za oti kavu zina kalori kama 380, hazipishani sana na unga wa mahindi. Zinachozidi ni nyuzinyuzi, hasa beta-glukani, inayofanya ute tumboni na kukushibisha muda mrefu. Tangu 1997 Marekani inaruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba gramu 3 za beta-glukani kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta mabaya machache, zinaweza kusaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Gramu hizo zinapatikana kwenye karibu kikombe kizima cha oti kavu, yaani nusu ya sufuria yangu. Ofisini wananiomba kipande cha vidole viwili, kisha wanaagiza chapati mbili juu yake.