Mashine ikipiga mistari, chapa testi kwanza

Simu nyingi za wanaochapa mabango huanza hivi: "Shikamoo fundi. Mashine inapiga mistari, nimesafisha hedi mara sita lakini wapi." Huwa naumia kusikia hivyo. Wino mwingi umeshaishia kwenye chupa ya taka, na mara nyingi hedi yenyewe, yaani kichwa kinachorusha wino, haikuwa na ubaya wowote.

Kabla hujagusa kitufe cha kusafisha, chapa testi ya noza, yaani matundu madogo ya hedi yanayotoa wino. Hedi ya Epson DX5, ambayo bado naikuta kwenye mashine nyingi za mabango, ina safu 8 zenye matundu 180 kila moja, yaani matundu 1,440. Kwenye testi kila tundu linachora kijistari chake. Chapa testi mbili mfululizo, uzilaze pamoja mezani. Pengo likibaki palepale kwenye zote mbili, tundu hilo limeziba, na hapo kusafisha kuna maana. Mapengo yakihamahama, iache hedi. Hewa imeingia kwenye njia ya wino, au dampa (kikasha kidogo kinachopitisha wino kwenda kwenye hedi) imechoka, au kepu (kifuniko cha hedi ikipumzika) haifuniki sawasawa. Kepu isiyofunika huifanya pampu ivute hewa badala ya wino, kwa hiyo kila ukisafisha unazidi kuharibu.

Kuna testi inayotoka imekamilika, halafu baada ya mita mbili za rangi nzito siyani, ule wino wa bluu-kijani, inaanza kufifia. Huo ni wino usiofika kwa kasi inayotakiwa. Angalia dampa, chujio, na mirija iliyojikunja.

Testi ikiwa kamili lakini bango lina mistari, wengi ndipo wanapopotea. Tazama mistari yenyewe. Kama ni myeupe na imeachana kwa umbali uleule, mashine inavuta turubai kupita kiasi kila hedi inapomaliza mkupuo. Kama ni ya giza, inavuta pungufu na wino unapandana. Rekebisha hatua ya mvuto kidogo kidogo, na ufanye hivyo kwa kila malighafi, kwa sababu stika na turubai la bango havitelezi sawa. Washa hita kwanza ndipo upime. Malighafi ikipata moto hubadilika, na kipimo ulichochukua ikiwa baridi hakitakufaa. Roli nzito nayo huvuta kinyume, kwa hiyo mimi hulegeza urefu fulani wa turubai kabla ya kuanza kazi ndefu.

Herufi zikiwa na kivuli, chapa hedi ikielekea upande mmoja tu. Kivuli kikiondoka, linganisha upya mwendo wa hedi wa kwenda na wa kurudi.

Rangi ni habari nyingine. Kijana mmoja alinipigia amechapa bango la mita sita mara tatu, bluu ya mteja inatoka zambarau. Alikuwa ameshaagiza dampa mpya. Nikamwambia anitumie picha ya testi: haikuwa na pengo hata moja. Nikaomba faili. Bluu ile ilikuwa siyani asilimia 100, majenta (waridi iliyokolea) asilimia 100. Kwa wino, mchanganyiko huo unaelemea zambarau, hata kama kwenye skrini unaonekana bluu safi. Tena kwenye programu ya RIP, ile inayoitafsiri faili kwa ajili ya mashine, alikuwa amechagua profaili (mpangilio wa rangi na wino) ya stika ya kung'aa huku anachapa turubai, na kila malighafi hunywa wino kwa namna yake.

Tulirudisha profaili ya turubai, tukashusha majenta hadi asilimia 70, akachapa kipande cha sentimita 20. Nilimsihi asikiangalie chini ya taa ya dukani, kwa kuwa bango lenyewe litatundikwa nje. Mteja akakitoa barazani, akakigeuza juani, akasema hiyo ndiyo bluu yake. Dampa mpya bado iko kwenye boksi.