Picha kwenye slaidi: dhana potofu na kinachoonekana ukutani

Afisa kilimo anayewafundisha wakulima wa Mukono, Uganda, kuhusu mnyauko bakteria wa migomba hahitaji picha kumi. Anahitaji moja: shina la mgomba lililokatwa, ute wa manjano ukitoka. Kwenye laptopu ute unaonekana. Ukutani, saa saba mchana, ukumbi hauna mapazia, ute wote unapotea.

"Ikitoka vizuri kwenye laptopu, imetosha"

Haijatosha. Projekta haina namna ya kutoa rangi nyeusi. Kazi yake ni kuongeza mwanga ukutani. Palipo peusi kwenye picha, ukuta unabaki kama ulivyo, na jua likiingia peusi panakuwa kijivu huku manjano na waridi vikimezwa na weupe. Ndiyo maana picha zilizopigwa usiku au chini ya kivuli hugeuka doa.

Anza kwa kukata kingo ili shina lijaze slaidi; majani na mtu aliyeshika panga waondoke. Kwenye PowerPoint bofya picha, fungua Picture Format, kisha Corrections, upandishe mwanga (Brightness) na utofauti wa peusi na peupe (Contrast) kwa asilimia 20 kila kimoja. Zungushia ute duara jekundu lenye mstari wa pointi 6, kwa sababu mstari wa pointi 1 hauonekani na walioketi nyuma. Halafu zibeni madirisha yaliyo karibu na ukuta wa picha, hata kwa shuka. Ya nyuma yaacheni wazi, watu wanaandika.

"Lazima picha iwe na 300 dpi"

Hiyo, nukta 300 kwa kila inchi, ni namba ya wachapishaji wa karatasi. Projekta huhesabu pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha. Picha ya pikseli 300 kwa 200 inaweza kuandikwa 300 dpi, lakini ukiijaza kwenye slaidi utaona ukungu mtupu. Projekta ya zamani ya XGA hutoa pikseli 1024 kwa 768, ya Full HD 1920 kwa 1080. Picha ya kujaza slaidi nzima inatakiwa iwe na upana huo, ya nusu slaidi nusu yake. Zaidi ya hapo unabeba mzigo bure.

Kwa hesabu hiyo, picha ya WhatsApp inalaumiwa kupita kiasi. Ikitumwa kwa ubora wa kawaida, upande wake mrefu hubaki na pikseli zipatazo 1600, ambazo zinazidi XGA na zinakaribia Full HD, kwa hiyo zinatosha kama picha haitakatwa. Tatizo linakuja ukiikata ukabakiza robo tu ya upana wake na kuikuza: umebaki na pikseli 400. Ukijua utakata, mwombe aliyepiga aitume kama dokumenti. Inayostahili lawama ni ile picha ndogo ya matokeo ya utafutaji, inayonakiliwa kabla ya kufungua ukurasa wenyewe.

"Nimeipunguza, faili nayo imepungua"

Kuvuta kona hubadilisha ukubwa unaoonekana tu. Picha ya simu yenye megabaiti 4 inaweza kubaki na megabaiti 4 hata ukiifanya ndogo kama stempu. Picha 20 za namna hiyo ni megabaiti 80, na Gmail huishia 25 kwa viambatanisho.

Kwenye PowerPoint bofya picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa tiki kwenye Apply only to this picture, weka tiki kwenye Delete cropped areas of pictures, chagua 150 ppi (pikseli kwa kila inchi), hifadhi. Slaidi pana ina inchi 13.33, kwa hiyo 150 inakupa pikseli 2000 kwa upana wote: Full HD imeshiba. Weka kando nakala ya faili la mwanzo, kwa sababu ukishahifadhi na kufunga hakuna kurudi.

Na ukivuta, shika kona. Ukishika katikati ya upande, mwenyekiti wa kikao ananenepa mbele ya watu wake.

"Nimeikata, haipo tena"

Hii ndiyo inayoumiza watu. Tuseme umepiga picha ya daftari la zahanati, ukakata safu ya majina ili zibaki tarehe na idadi ya dawa. Majina bado yamo ndani ya faili. Atakayepokea slaidi anabofya picha, anabofya Crop, na safu nzima inarudi. Kisanduku cheusi ulichokiweka juu ya jina nacho ni kifuniko tu. Anakisogeza kwa kipanya.

Ile tiki ya Delete cropped areas huondoa kilichokatwa. Kwa kisanduku, fungua slaidi, piga picha ya skrini, futa picha ya awali, kisha weka hiyo ya skrini mahali pake. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data zenye ulinzi wa ziada, na data za mtoto haziruhusiwi kukusanywa bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Uso wa mwanafunzi kwenye slaidi unamtambulisha sawasawa na jina lake.

"Iko Google, kwa hiyo ni ya wote"

Google huonyesha tu picha ilipo. Mwenyewe ni mwingine. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006, na picha za kamera zimo. Njia rahisi ni kutafuta Wikimedia Commons, usome leseni iliyo chini ya kila picha. Ikiwa ni CC BY, yaani ruhusa ya kutumia kwa sharti la kumtaja mwenyewe, andika jina la mpiga picha na leseni kwenye slaidi hiyohiyo. Herufi za pointi 12 chini ya picha zinatosha.