Ethiopia inapoinuka, Mwanza inahusikaje?

Maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, huenda Shinyanga na Kahama, na siku hizi yamefika hadi Tabora. Kwa anayekinga ndoo huko, ni maji ya bomba tu. Lakini mradi huo ulipoanza miaka ya 2000 ulikuwa pia suala la diplomasia. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulizuia makoloni ya Uingereza kufanya kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile bila ridhaa ya Misri, na Ziwa Victoria ndilo linalomwaga Nile Nyeupe pale Jinja. Tanganyika ilishaukana mkataba huo Julai 1962, Mwalimu Nyerere akishikilia kwamba nchi huru haifungwi na makubaliano ya mkoloni. Tanzania ikajenga bila kuomba ruhusa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi nchi za juu ya mto zilikuwa na hoja bila nguvu. Misri ilikuwa na jeshi kubwa, na wafadhili waliogopa kukopesha mradi wowote wa Nile inaoupinga. Aliyebadilisha hesabu hiyo ni Ethiopia.

Mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa kwenye Nile ya Buluu, karibu na mpaka wa Sudan. Mikopo ilipokosekana, wananchi waliuziwa hati fungani na watumishi wa umma wakakatwa mishahara, wengine, tuseme ukweli, bila hiari kubwa. Bwawa hilo lilizinduliwa rasmi Septemba 2025. Lina uwezo wa megawati 5,150 na linahifadhi hadi mita za ujazo bilioni 74 za maji. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 120 ikawa imeshika koki ya mto.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la usalama. Takribani asilimia 85 ya maji ya Nile yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, wala si ziwani kwetu, maana Nile Nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Kile ambacho Addis Ababa inakiita umeme na maendeleo, Cairo inakiona tishio kwa uhai wake. Hakuna anayehitaji kuwa na nia mbaya ili hofu izaliwe. Inatosha mmoja apate uwezo ambao jana hakuwa nao.

Anayeogopa hutafuta marafiki. Mwaka 2021 Misri ilitiliana saini makubaliano ya kijeshi na Uganda, Burundi na Kenya, zote nchi za bonde la Nile. Januari 1, 2024 Ethiopia, isiyo na bahari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, ikasaini hati na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru ambalo Somalia inalihesabu kuwa lake, ili ipate njia ya kufika pwani. Somalia iliwaka. Agosti mwaka huo ikafunga mkataba wa ulinzi na Misri, na silaha za Misri zikatua Mogadishu, huku askari wa Ethiopia wakiwa bado ndani ya Somalia wakipambana na al-Shabaab. Oktoba viongozi wa Misri, Somalia na Eritrea wakakutana Asmara. Uturuki ndiyo iliyopoza moto kwa kuzipatanisha Ethiopia na Somalia mjini Ankara, Desemba 2024. Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi iko huko Pembe ya Afrika kuliko bwawani kwenyewe, kwa kuwa kulipua bwawa lililojaa kungeizamisha Sudan kwanza.

Kwa Tanzania, kuinuka kwa Ethiopia kumekuwa na faida ambayo haisemwi sana: Misri nayo imelazimika kubembeleza. Mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, na waziri mkuu wa Misri alikuja kushuhudia. Mto Rufiji, lilipo bwawa hilo, hauchangii Nile hata tone, hivyo Cairo ilijenga urafiki bila kupoteza maji. Wakati huohuo Tanzania haikuacha msimamo wake. Ilisaini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Misri haiutambui, huko Entebbe, Uganda, mwaka 2010, ikauridhia mwaka 2015. Sisi hatukuchagua kambi, na sioni sababu ya kuchagua sasa.

Kenya imecheza kwa namna yake. Ilisaini mkataba wa Entebbe lakini haijauridhia, na tangu Novemba 2022 inanunua umeme wa Ethiopia kupitia laini inayoingia Suswa. Gridi yetu nayo imeunganishwa na ya Kenya kupitia Singida, kwa hiyo umeme wa Ethiopia unaweza kufika kwetu. Utakuwa na bei nzuri, lakini anayekuuzia umeme ana mkono kwenye swichi yako.

Mkataba wa Entebbe ulianza kutumika Oktoba 13, 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia. Unataka iundwe kamisheni ya kusimamia bonde zima. Misri na Sudan haziutambui, na bado zinashikilia mgawo wa maji waliokubaliana wao wawili mwaka 1959: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan, na sifuri kwa sisi wengine wote.