Kiti cha kale kilichokarabatiwa ni kipi hasa?

Muuzaji akikwambia kiti chake ni "cha kale, kimekarabatiwa", amekutupia maneno mawili mazito kwa pumzi moja.

La kwanza ni jepesi kidogo. Kwa mazoea ya wafanyabiashara wa vitu hivi, na hata kwa forodha za nchi kama Marekani, kitu cha kale ni kilichotimiza miaka 100. Kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hicho ni kiti cha enzi za Mjerumani au miaka ya mwanzo ya Mwingereza: cha misheni, cha bomani, cha mlowezi. Kile cha mninga alichochongesha babu mwaka 1968 ni cha zamani tu. Huenda ni kizuri kuliko hivyo vingine, lakini bado hakijafika huko.

Neno la pili ndilo linalochakachuliwa. Wengi hupiga msasa mpaka mbao inabaki nyeupe, wakamwaga vanishi, wakaita ukarabati. Huko ni kukifuta kiti. Ile rangi ya asali iliyokolea kwenye mikono ya kiti, pale viganja viliposugua miaka nenda rudi, imekaa kwenye ngozi ya juu ya mbao. Msasa ukipita imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kukarabati ni kukifanya kiti kikalike tena kwa kugusa pale tu palipoharibika.

Na mara nyingi panapoharibika ni kwenye maungio. Kiti kilichozoea mvua na ukungu wa Tukuyu kikihamia Iringa, kikakutana na ukavu wa kiangazi, mbao husinyaa. Ulimi uliokuwa umebana ndani ya tundu lake unapwaya, kiti kinaanza kuyumba. Fundi mwenye haraka anachukua nyundo. Kiti alichoniachia mama mkubwa kilipigwa misumari miwili ya inchi tatu. Hazikupita wiki nyingi mguu ukapasuka, ufa umeanzia palepale kwenye msumari. Fundi anayejua kazi hufungua kiungio, hukwangua gundi ya zamani yote, hupaka mpya, kisha hukifunga kiti kwa kamba kikabaki kimebanwa mpaka kesho yake. Viti vingi vya kale viliungwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu, ndiyo maana kiungio hufunguka bila kuvunjwa. Gundi nyeupe ya dukani ukiipaka juu ya mabaki hayo haishiki sawasawa.

Kabla ya kutoa hela, pindua kiti, umulike chini kwa tochi ya simu. Skrubu zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, na utawala wa Mjerumani uliondoka Iringa mwaka 1916. Ukizikuta kwenye kiti "cha Mjerumani", ama ziliwekwa baadaye, ama kiti chenyewe kimesingiziwa umri. Mwulize muuzaji, usikilize anavyojibu. Halafu gonga mguu wenye vitundu vidogo vidogo. Mguu ukidondosha unga laini wa mbao, huenda wadudu bado wamo ndani wanakula, na huyo aliyekarabati hakumaliza kazi.