Kano iliyolegea inakaza lini?

Mwezi uliopita kijana wa boda alikuja kwangu hapa Kampala, wiki 3 tangu akanyage vibaya ukingo wa mfereji kifundo cha mguu kikapinda kwa ndani, bado anachechemea. Swali lake la kwanza, "musawo (yaani daktari), hii kano iliyolegea itakaza lini?" Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na hili naulizwa karibu kila siku.

Kano ninayosema ni ile inayofunga mfupa kwa mfupa, nyuzi za kolajeni (protini ngumu ya mwili) zimelala pamoja kama kamba ya katani. Ukiteguka zinavutika, zingine zinakatika. Siku za mwanzo ni damu na uvimbe, na uvimbe wenyewe ndo unaleta seli za kusafisha, kwa hiyo jamani msimkande mtu kwa nguvu siku ile ile, mnazidi kumwaga damu ndani. Baadae mwili unatia kiraka, ila nyuzi zake za kwanza ni dhaifu na zimekaa ovyo ovyo. Kiraka kinasinyaa taratibu, kukaza kunaanzia hapo. Halafu kuanzia kama wiki 6 nyuzi nene zinaingia na hizi zinajipanga kufuata upande zinakovutwa, manake kano isiyopewa kazi haijui ilale wapi, bandeji itaushika mguu lakini nyuzi haitakupangia. Na kazi hii inaweza kupita mwaka, maumivu yameshaisha zamani!

Nilimshika kisigino nikakivuta mbele polepole, kikateleza kuliko cha mguu mzima. Nikamwambia asimamie mguu huo peke yake: vidole vinang'ang'ania sakafu, kifundo kinatetemeka. Kano ina neva zinazouambia ubongo mguu umekaaje, nazo huumia pia.

Sikumficha, kano zingine hupona zikabaki ndefu kidogo, hapo misuli ya nje ya mguu ndo inashika zamu, kwa hiyo tunaijenga hiyo. Goti nalo lina mambo yake, kano ya pembeni kwa ndani mara nyingi inaunga yenyewe, ila ile ya mbele iliyo katikati ya goti ikikatika kabisa ni shida, iko ndani ya ute wa goti na damu haigandi pale ikashika ncha mbili.

Na kama umeumia leo huwezi hata hatua 4, nenda ukapigwe eksirei kwanza.

Yule kijana nilimpa kusimama mguu mmoja, sekunde 30, mara kadhaa kwa siku. Anafanyia pale steji akingoja abiria, wenzake wanamhesabia.