Dozi ya insulini inapopanda katika ujauzito, na namna ya kuishi na sindano katika nyumba ya kupanga

Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu hapa Dar es Salaam imekuwa kuwafundisha wajawazito kujichoma insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Wengi wao wana kisukari cha mimba, yaani sukari iliyopanda kwa mara ya kwanza mwanamke akiwa mjamzito. Daktari ndiye anayeandika dozi. Mimi hubaki na mama mezani, tukiwa na kichupa na bomba la sindano mbele yetu, mpaka mkono wake uache kutetemeka. Nimeona kwamba hofu ya kuchomwa huisha mapema, mara nyingi siku ileile ya kwanza, kwa kuwa sindano ya insulini ni fupi na nyembamba mno ikilinganishwa na ile ya kutolea damu. Inayobaki ni hofu ya namba iliyoandikwa kwenye daftari, kwa sababu namba hiyo haitulii.

"Nesi, nilianza na yuniti 8, leo nimeambiwa nichome 22. Nimekosea wapi?" Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka Mbagala, akiwa na mimba ya wiki 33. Chai ya sukari alikuwa ameiacha, maandazi ameyaacha, anapima asubuhi na baada ya kila mlo bila kukosa, na bado alikuwa amejishawishi kwamba dozi imepanda kwa sababu ya sahani ya pilau aliyokula kwenye harusi ya wifi yake wiki mbili nyuma. Kwa kujiadhibu alikuwa ameanza kuruka chakula cha usiku, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ile yuniti 22.

Jibu la swali lake liko kwenye kondo la nyuma. Kondo hutengeneza homoni nyingi, na baadhi yake huufanya mwili wa mama uwe mgumu kuitikia insulini, ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate sehemu yake. Kila mjamzito hupitia hali hii, hata yule ambaye sukari yake haipandi kamwe. Tofauti ni kwamba kongosho la wengi huongeza insulini hadi mara mbili au zaidi na kuufidia ugumu huo, ilhali la wengine huongeza kadiri linavyoweza na bado haitoshi. Kondo hukua, na homoni zake huongezeka, hasa baada ya wiki ya 20 na kuendelea hadi karibu na wiki ya 36. Dozi inayopanda katika miezi hiyo huwa inalifuata kondo linalofanya kazi yake, na mama aliyekula vizuri kabisa ataongezewa yuniti vilevile. Mimi huwaambia kwamba ningepata wasiwasi zaidi kama mambo yangekwenda kinyume: mama aliyekuwa kwenye dozi kubwa anapoona ghafla sukari inashuka kila siku, na yuniti zilezile zimekuwa nyingi kwake, hasa mimba ikiwa imekomaa, asifurahie kwamba amepona. Aje hospitali siku hiyohiyo ili mtoto na kondo vichunguzwe, na asingoje tarehe ya kliniki iliyo kwenye kadi.

Ni kwa sababu ya mwendo huohuo wa kondo kwamba kipimo cha kugundua kisukari cha mimba hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama huja bila kula, hupimwa, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, yoyote kati ya hizo peke yake, inatosha kuitwa kisukari cha mimba. Wengi hushangaa kuona namba ni ndogo kiasi hicho, kwa kuwa wana mjomba mwenye kisukari ambaye huambiwa yuko salama akiwa na 7. Mjomba hana mtoto tumboni. Sukari ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti kwa kiwango cha maana. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe ili kuikabili sukari asiyoihitaji, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na tumboni, mahali ambapo unene huleta matata wakati wa kuzaliwa. Kitovu kikishakatwa, sukari kutoka kwa mama hukoma huku insulini ya mtoto ikiwa bado juu, na ndiyo maana watoto hawa huweza kushuka sukari saa chache baada ya kuzaliwa. Malengo ambayo huwaandikia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, isipokuwa daktari akisema vingine, ni chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili.

Huulizwa pia kuhusu vidonge. Metformini hutumika, na wapo inaowafaa, lakini hupita kwenye kondo, na wengine sukari yao ya asubuhi haiitikii vidonge hata kidogo. Uamuzi huo ni wa mama na daktari wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita upesi. Wanawake ninaowafundisha wengi wanaishi katika nyumba za kupanga: chumba kimoja au viwili, choo cha pamoja, ua wa pamoja, na wapangaji ambao huona kila kinachoingia na kutoka. Bomba la sindano likionekana, maneno huanza. Wengine watasema anajichoma dawa za kulevya, wengine watasema ana ugonjwa anaouficha, na mama mkwe akipata habari atasema kwamba mtu akishaanza sindano za sukari haziachi tena mpaka kaburini. Kwa hiyo mama hujichoma chooni, haraka, gizani, amesimama. Nimewahi kumwona mmoja aliyekuwa akichoma kupitia kwenye gauni lake la dira kwa sababu hakutaka hata mumewe aone. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuogopa maneno ya uani, lakini chooni hakuna mahali pa kuweka kichupa, hakuna mwanga wa kusomea mistari kwenye bomba, na makosa mengi ya dozi ninayoyajua yalitendeka huko.

Ninachofanya ni kumwomba aje na mtu mmoja. Awe mume, dada, au mama mkwe huyohuyo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti nyumbani. Namsalimu kwa heshima yake, shikamoo mama, namkalisha karibu, na kabla ya yote namweleza kwamba kondo likitoka, sindano kwa kawaida husimama siku hiyohiyo. Namwonyesha namna ya kuhesabu mistari. Mama mkwe aliyeshirikishwa kusoma yuniti hugeuka mlinzi, na nimewaona waliokuja wakinung'unika wakaondoka wakimkumbusha mkaza mwana wao muda wa sindano kwa simu kutoka Tandika hadi Kimara.

Joto ni mgeni wa pili katika nyumba hizi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa maana insulini iliyowahi kuganda imekwisha hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kichupa unachokitumia kinaweza kukaa nje ya friji takribani wiki 4 mahali penye ubaridi, ambapo watengenezaji wengi huweka mpaka wa nyuzi 25 au 30. Chini ya paa la bati mwezi wa Februari, chumba cha Dar es Salaam huvuka mpaka huo kabla ya adhuhuri. Hapo mtungi wa udongo husaidia: kichupa hufungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, huwekwa ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho ndani ya kingine kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa katikati. Ni lazima niseme ukweli kwamba njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nchi kavu kama Dodoma, kwani hewa yetu ya pwani imejaa unyevu na maji hukauka polepole. Punguzo la joto ni dogo, lakini dogo hilo ni bora kuliko juu ya kabati. Friji ya duka la soda la jirani ni msaada pia, mradi umemweleza mwenye duka asikisukume kichupa chako nyuma hadi kwenye barafu. Na tafadhali usikiache kwenye mkoba uliokaa juani dirishani mwa daladala kutoka Gongo la Mboto.

Kuchoma kwenyewe ni jambo jepesi likifanywa mahali penye mwanga. Insulini ya muda wa kati, ile nyeupe kama maziwa, huviringishwa taratibu kati ya viganja kama mara 20 hadi weupe uenee sawasawa. Haitikiswi kama dawa ya kikohozi ya mtoto. Ile ya muda mfupi ni angavu kama maji, na ikiwa na ukungu au chembechembe haitumiki. Ukiambiwa uchanganye zote mbili katika bomba moja, anza kuvuta ile angavu. Tumbo ni mahali pazuri, hata likiwa na mtoto ndani, kwa kuwa sindano huishia kwenye mafuta chini ya ngozi na mtoto yuko mbali, nyuma ya misuli na maji ya uzazi. Ukiona ngozi ya mbele imekazana mno miezi ya mwisho, tumia pembeni mwa tumbo au mapajani. Bana ngozi, ingiza, sukuma, hesabu hadi 10, kisha toa. Kesho hamia upana wa vidole viwili, kwani ukichoma mahali pamoja kila siku hutokea uvimbe laini usiouma, na insulini inayoingia humo hunyonywa ovyo ovyo, leo kidogo, kesho nyingi.

Kuhusu mabomba, nina kisa. Mama mmoja alikuja kliniki akiwa amejaa jasho, haoni vizuri, sukari yake 2.6. Dozi alikuwa ameipima kwa uangalifu wote, hadi mstari wa 20. Bomba aliloliuziwa dukani lilikuwa la yuniti 40 kwa mililita, ilhali kichupa kilikuwa cha yuniti 100 kwa mililita, kama vilivyo karibu vyote siku hizi. Mstari wa 20 kwenye bomba hilo ni nusu mililita, na nusu mililita ya dawa ile ni yuniti 50. Tangu siku hiyo sitoi mafunzo bila kumtaka mama asome kwa sauti namba iliyo kwenye bomba na namba iliyo kwenye kichupa, na ziwe zote 100.

Mtetemeko, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu: hizo ni dalili za sukari kushuka. Ikiwa chini ya 4, au huna kipimo lakini dalili zipo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, upime tena, kisha ule chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali. Sababu kubwa ninayoiona hapa mjini ni muda. Insulini ya muda mfupi ya kawaida huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, na katika nusu saa hiyo gesi inaweza kuisha, au mama akaamua kuwahi basi la mwendokasi na kula atakakofika. Sheria yangu ni kwamba sindano haichomwi mpaka chakula kimeiva na kiko ndani ya nyumba. Kwa wanaofunga Ramadhani, mjamzito ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, na kwa anayechoma insulini mimi humsihi aitumie ruhusa hiyo.

Siku ya uchungu, dozi hubadilishwa na wahudumu wa chumba cha kujifungulia, kwa hiyo usichome ya kawaida kabla ya kuwauliza. Mtoto atatobolewa kisigino kupimwa sukari, naye anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Yule wa Mbagala alijifungua salama, na sindano yake ya mwisho ilikuwa ile ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua alirudi, kama tunavyowataka wote warudi, kunywa tena gramu 75 za glukosi, kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele, na wengi hawarudi kwa kuwa wanajisikia wazima. Alikuja na mama mkwe wake, aliyembeba mtoto, na kichupa kilichobaki nusu ndani ya mfuko wa rambo. Bibi yule aliniuliza kama angeweza kukitumia yeye, maana siku hizi anakunywa maji mengi na anaamka usiku kukojoa mara nne. Nilikichukua kichupa, nikakitupa kwenye boksi la taka hatarishi pamoja na sindano alizokuwa amezitunza kwenye chupa ngumu ya sabuni, kisha nikamtoboa bibi kidole.