Kiwanda cha Bia cha Ushirika: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Watu wanapokaa kupanga kiwanda cha bia cha ushirika, mazungumzo huanza na ladha, jina na nembo. Matangi, mfereji wa majitaka na ushuru hutajwa mwishoni, wakati mwingine baada ya fedha za watu kukusanywa. Umiliki wa pamoja hubadilisha nani anaamua na nani anapata ziada. Hauibadilishi hamira, haupunguzi ushuru, wala haufanyi tangi lichachushe haraka. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kulisahau hilo.

Dhana: mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa

Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Kanuni hiyo ina mizizi kwa wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliikariri katika tamko lake la 1995. Ziada nayo haifuati hisa. Sehemu hutengwa kwa mfuko wa akiba, na inayobaki, mkutano mkuu ukiridhia, hurudi kwa wanachama kwa kadiri walivyonunua. Faida ya hisa yenyewe, kama ipo, huwekewa kikomo.

Kwa hiyo masharti ya chama yatenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kiingilio, ambacho hakirudishwi, na hisa, ambazo mwanachama akitoka anaweza kuzidai. Hapo ndipo penye mtego. Fedha ya hisa imeshageuka tangi la chuma cha pua, na tangi halikatwi vipande kumlipa anayeondoka. Masharti yaipe bodi uwezo wa kuahirisha marejesho, na yaweke kikomo cha mwaka, tuseme asilimia 5 ya mtaji wa hisa. Tena katika nchi nyingi kuuza hisa kwa umma kuna sheria yake, na chama cha ushirika hakisamehewi kila mara. Mwanasheria aonwe kabla ya tangazo la kwanza kubandikwa.

Dhana: tuanze na tulichonacho, nyingine zitakuja

Nusu ya kiwanda haipiki nusu ya bia. Fedha za awali ziwekwe katika akaunti isiyoguswa, lengo na tarehe ya mwisho vikiwa vimeandikwa, na lengo lisipofikiwa kila mtu arudishiwe chake. Bila hivyo bodi hujikuta inalipa kodi ya jengo tupu kwa fedha za wanachama 200 wa mwanzo, huku ikingoja 400 ambao hawajajiunga. Na muda ni mrefu kuliko watu wanavyotaka kusikia: Black Star Co-op ya Austin, Texas, baa ya ushirika iliyopika bia yake yenyewe, iliandikishwa 2006 na kufungua milango 2010.

Bei ya mtambo ndiyo inayoulizwa; yaliyouzunguka ndiyo yanayovuruga bajeti. Sakafu yenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, iliyopakwa kinga ya asidi na maji ya moto. Umeme wa fezi tatu. Boila. Mtambo wa kupoza kwa glaikoli, kimiminika kisichoganda upesi kinachozungushwa kupoza matangi. Chumba baridi. Kegi, yaani mapipa ya chuma ya kubebea bia, husahauliwa kabisa, ingawa hesabu yake ni rahisi: kegi ikichukua wiki 5 tangu ijazwe hadi irudi ikiwa tupu, kuuza kegi 30 kwa wiki kunahitaji kegi 150, kabla ya kuhesabu zitakazopotea. Kisha kuna ushuru, ambao mara nyingi hudaiwa bia inapotoka kiwandani, ilhali mwenye baa atalipa mwezi ujao. Gharama za uendeshaji za miezi 6 ziwe kando, na zisiguswe kununulia vali.

Dhana: sufuria kubwa ndiyo bia nyingi

Sufuria hutumika kwa siku moja, tangi la kuchachushia kwa wiki kadhaa. Pishi, yaani mpiko mmoja, la lita 1,000 humalizika kwa saa 6 hadi 8. Kimea kilichosagwa, kilo 200 hadi 250 kwa bia yenye pombe ya asilimia 5, hulowekwa saa moja hivi katika maji ya nyuzi 63 hadi 68 za Selsiasi, lita 2.5 hadi 3 kwa kila kilo. Husuuzwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 77, kwa sababu yakizidi hapo maganda hutoa ukakasi. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa dakika 60 hadi 90, kisha hupozwa haraka na kusukumwa kwenye tangi. Kesho yake sufuria iko tayari kwa pishi jingine. Tangi haliko tayari.

Chukua matangi 4, kila moja likipokea pishi moja la lita 1,000. Lenyewe liwe na ujazo wa lita 1,200 hadi 1,250, vinginevyo povu litamwagika kwa juu. Bia ya aina ya eli, inayochachuka katika nyuzi 18 hadi 22, inaweza kukaa tangini wiki 2. Laga huchachuka katika nyuzi 10 hadi 13 na kisha huhitaji kupumzika kwenye baridi. Ihesabie wiki 6. Katika wiki 12 matangi yaleyale yatatoa mapishi 24 ya eli, au 8 ya laga. Kodi ya jengo ni ileile, mishahara ni ileile, bia ni theluthi. Mkutano ukisema tupike laga kwa sababu wengi ndiyo wanayoinywa, hesabu hiyo iwe mezani kwanza.

Lita 1,000 zilizoingia tangini hazitoki zote. Mashapo, hopsi zilizofyonza bia, hamira, mabaki ya kwenye mipira ya kupitishia bia na yanayomwagika wakati wa kujaza kegi huchukua asilimia 8 hadi 15. Bajeti iandikwe kwa lita 880. Na fedha zikitosha nyongeza moja tu, iwe tangi la kuchachushia, mradi mtambo wa kupoza unaweza kulihudumia.

Dhana: wanachama wenyewe wataimaliza

Mapishi 24 ya wiki 12, kwa lita 880 kila moja, ni lita 7,040 kila wiki 4. Wanachama 600 wakinywa lita 2 kila mmoja katika muda huo, zinaondoka 1,200. Zinabaki lita 5,840 za kuuzia watu ambao ushirika hauwagusi moyo. Glasi iliyouzwa kwenye baa ya kiwanda chenyewe huacha pato kubwa kuliko kegi iliyopelekwa baa nyingine, kwa hiyo baa hiyo iwemo katika mpango tangu mwanzo, na leseni ya kuuza iombwe pamoja na ya kutengeneza. Mara nyingi ni leseni mbili tofauti.

Punguzo la kila glasi kwa wanachama lina hatari, maana hutolewa hata mwaka wa hasara. Mgao wa mwisho wa mwaka hutolewa tu ziada ikipatikana. Sisi tungechagua mgao.

Dhana: bingwa wa lita 20 nyumbani ataweza lita 1,000

Angezidisha viambato kwa 50 na kupata bia nyingine kabisa. Sufuria ndogo hupoteza kwa mvuke asilimia 10 hadi 15 kwa saa, kubwa 4 hadi 8, hivyo maji ya kuanzia hayalingani. Katika mtambo mkubwa, maji ya kimea yakishachemka huzungushwa ili mashapo yatuame katikati, halafu kuyapoza yote huchukua muda. Hopsi zilizotiwa mwishoni kwa ajili ya harufu huendelea kutoa uchungu muda wote huo. Pishi la kwanza liwe na hopsi pungufu, lipimwe, ndipo kiasi kirekebishwe.

Joto nalo. Hamira ikifanya kazi huzalisha joto lake. Ndoo ya lita 20 hulipoteza kupitia kuta zake, lakini tangi la lita 1,000 lisipopozwa hupanda nyuzi kadhaa kwa siku moja, na bia hubaki na ukali wa pombe usioondoka. Hamira kavu ya eli ni gramu 500 hadi 800 kwa lita 1,000, na ya laga huelekea kuwa mara mbili. Anayebana hapa huokoa kidogo na kulipa kwa uchachukaji wa kusuasua na harufu ya siagi. Harufu hiyo hupimika: pasha sampuli iliyofunikwa hadi nyuzi 60 kwa dakika 20, ipoze, inuse ukilinganisha na isiyopashwa. Ikinuka siagi, bia isipozwe bado. Iachwe siku 2 au 3 zaidi katika joto lake ili hamira imalize kazi.

Bingwa wa nyumbani atafaa sana kubuni mapishi. Mpishi mkuu awe mtu aliyefanya kazi kiwandani, na aajiriwe kabla mtambo haujanunuliwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeona kwamba mlango wa tangi uko mahali pabaya au mpira haufiki.

Dhana: pombe na hopsi hujilinda, usafi wa kawaida unatosha

Ni kweli kwa nusu. Bia ina asidi, pombe na hopsi, na oksijeni yake ni kidogo, hivyo vijidudu vya magonjwa kwa kawaida haviwezi kukua humo. Vinavyoiharibu vinaweza. Bakteria wa Lactobacillus na Pediococcus huifanya chachu au kuitia harufu ya siagi. Hamira aina ya diastaticus hula sukari ambazo hamira ya kawaida imeziacha, na ikiingia kwenye chupa au kopo gesi huongezeka hadi kupasua.

Uchafu haufi kwa dawa ukiwa bado umegandamana. Suuza kwanza, kisha zungusha soda kostiki, kemikali kali ya kusafishia, ya asilimia 1 hadi 2 yenye joto la nyuzi 60 hadi 80, suuza, pitisha asidi mara kwa mara kuondoa ukoko wa madini, suuza tena, na mwisho dawa ya kuua vijidudu kama asidi ya perasetiki. Vali na vifungio vya mpira vifunguliwe na kuoshwa kwa mkono. Maambukizi mengi ya kurudiarudia hujificha hapo.

Kuna kosa moja linaloweza kumaliza tangi kwa dakika chache. Tangi lililotolewa bia limejaa hewa ya ukaa. Ukilifunga na kunyunyizia kostiki humo, kostiki hufyonza hewa hiyo, ombwe hutokea, na tangi linalostahimili shinikizo la ndani hubonyea kama kopo tupu. Maji baridi yakifuata ya moto ndani ya tangi lililofungwa huleta balaa hilohilo, maana mvuke hugeuka maji ghafla. Pitisha hewa kwanza, acha tundu la juu wazi, na vali ya kuzuia ombwe ikaguliwe kila mara. Hewa ya ukaa pia huua watu: ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala mabondeni na ndani ya matangi. Kipima-gesi kilie inapofika sehemu 5,000 kwa milioni, na mtu yeyote asiingize kichwa tangini kutazama.

Dhana: kujitolea kutapunguza mishahara

Wanachama wanaweza kupaka rangi, kuhudumia tamasha, kubandika lebo. Kazi za kostiki, mvuke na shinikizo ziachwe kwa walioajiriwa na kufunzwa. Bima huweza kukataa kulipa madhara yaliyompata asiye mwajiriwa, na sheria ya kazi pengine itamhesabu kuwa mwajiriwa asiyelipwa.

Dhana: demokrasia ni kupigia kura kila jambo

Mkutano mkuu huchagua bodi, hupitisha masharti, hesabu na mgawanyo wa ziada. Bodi huweka sera na kumwajiri meneja. Meneja huendesha kiwanda. Mjumbe wa bodi anayempa mpishi maagizo ya kiasi cha hopsi amevuka mpaka, hata kama ladha yake ni nzuri. Wanachama wapewe nafasi yao bila kulivunja hilo: tangi moja dogo la majaribio, mapishi 3 yaonjwe bila kutajwa majina, linaloshinda lipikwe mara moja tu. Mjumbe anayemiliki baa inayonunua bia hiyo atoke chumbani bei inapojadiliwa, na kumbukumbu za kikao ziandike kwamba alitoka.

Dhana: taka ni suala dogo

Kiwanda kidogo hutumia lita 5 hadi 10 za maji kwa kila lita ya bia, na sehemu kubwa hurudi mferejini. Pishi la lita 1,000 huacha zaidi ya kilo 200 za machicha mabichi, yaani mabaki ya kimea, ambayo huanza kunuka baada ya siku 2, mapema zaidi penye joto. Mfugaji wa kuyachukua apatikane kabla ya pishi la kwanza, na awepo wa akiba. Tatizo kubwa ni majimaji. Bia iliyomwagwa na hamira iliyotumika huvuta oksijeni mara mamia kadhaa kuliko majitaka ya nyumbani, na mamlaka ya maji inaweza kutoza kwa kipimo hicho au kufunga bomba. Hamira ikusanywe pembeni na isimwagwe. Mashapo ya sufuria yachanganywe na machicha. Maji ya kostiki na ya asidi yaingie tangi moja la kusawazishia, yapimwe pH, yaani kipimo cha asidi, hadi ikubaliane na kiwango kilichoandikwa kwenye kibali, ndipo yaachiwe polepole. Tangi hilo lichorwe kwenye ramani kabla sakafu haijamwagwa zege.